Mwenye Kusimama, Akae

Nilimjua kwanza kwa sauti, kisha kwa viatu.
Alisimama mlangoni pa kibanda changu, Kadutu,
viatu vimejaa matope ya Panzi,
redio ameifunga ndani ya kitenge cha mkewe
kama mtoto anayepelekwa kupimwa uzito.

"Fundi," akasema.
Bisibisi ikaniponyoka.

Maana sauti ile nilikuwa nayo kila jioni,
saa kumi na mbili na nusu, wakati wa komunike:
mbuzi mweusi, sikio moja, amepotea Nyamugo;
kadi ya uchaguzi imeokotwa Nyawera, mwenyewe aifuate;
na kisha, kabla ya vifo,
kikohozi kidogo, karatasi ikigeuzwa,
na neno ambalo hakuna aliyemfundisha:
"Mwenye kusimama, akae."

Halafu kimya. Pumzi tatu.
Ndani ya pumzi hizo mji mzima ulitafuta kiti.
Wauza sambaza walikalia ndoo zao.
Mimi nilikalia betri ya gari.
Mama yangu, mwaka ule wa kaka Murhula,
alikalia gunia la makala,
na jina lilipofika lilimkuta chini tayari,
hakuwa na mahali pa kuanguka.

Redio yake niliifungua, nikapuliza vumbi.
"Bwana Zihalirwa, hii ni nzima."
"Najua. Mgonjwa ni kilima.
Nyumba yangu iko mgongoni mwake, mawimbi yanaturuka.
Miaka kumi na tisa nausemesha mji,
na mke wangu hajanisikia hata siku moja.
Anajua tu kwamba nachelewa."

Jumamosi nilishuka naye, na mita arobaini za waya
nilizochomoa kwenye mota ya kinu kilichokufa.
Niliupandisha juu ya mti wa avoka wa jirani
(jirani alidai chupa mbili za kasiksi, akapewa moja).
Jioni mume hayupo, sauti ipo.
Mama Nsimire aliitazama redio, kisha mlango, kisha redio.
"Huyu ni nani? Wangu hasemi hivi.
Wangu akifika anavua viatu, ananyamaza."
Lakini neno lile lilipotoka
yeye, aliyekuwa amekaa na ungo wa maharage,
akasimama.

Hakuuawa kwa risasi. Nasema mapema,
kwa kuwa hapa kwetu ndilo swali la kwanza.
Ilikuwa sukari, kisha mguu, kisha bili.
Risasi ilikuwa kwangu, ile ya kuchomelea,
inayeyuka juu ya redio ya mtu, Jumanne hiyo,
wakati Asifiwe, binti mgeni wa studio,
alipolisoma jina mbiombio
kama anayebeba sufuria ya moto bila kitambaa.
Hakukohoa. Hakutuambia tukae.
Tone likanidondokea kidoleni. Alama hii hapa.
Kadutu yote ilikutwa wima.

Simlaumu mtoto. Alikuwa analia, nadhani,
na kulia hakusikiki vizuri redioni, husikika kama haraka.

Baada ya matanga nilipanda hadi studio,
nikalipa franga elfu tano, bei ya mbuzi aliyepotea,
nikampa karatasi yenye maneno matatu.
"Na halafu?" akauliza Asifiwe.
"Halafu unyamaze."
"Mkurugenzi atasema mtambo umekufa."
"Pumzi tatu tu, binti. Hata kwa mtambo si nyingi."

Jioni hiyo nilikuwa Panzi, kiti cha mlangoni.
Akasoma. Sauti yake nyembamba, ikatetemeka kwenye akae.
Kisha redio ikabaki na ule mvumo wake mdogo,
kama maji yanayokaribia kuchemka.
Pumzi moja.
Pumzi ya pili, avoka likaanguka juu ya bati,
hakuna aliyegeuka.
Mama Nsimire aliinama, akasogeza sikio hadi likaigusa redio.
"Eeh," akasema polepole.
"Sasa huyu ndiye wangu."